Bondia Mimbarini: Mfano, Kisa au Ushuhuda?

Katika makanisa mengi ya Kitale mahubiri huwa na vinywa viwili. Mhubiri husema sentensi yake akanyamaza, na mkalimani aliyesimama kando yake akaipokea na kuitoa kwa Kiswahili. Au, mkutano ukiwa upande wa Kimilili, katika Bungoma jirani, huitoa kwa Kibukusu. Hali hii imeletwa na eneo lenyewe. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, imekusanya Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wateso na Wakikuyu, na Kiswahili ndicho kinachowaketisha kwenye benchi moja. Kwa hiyo mkalimani wa kanisani ni mwanaistilahi, hata kama hajawahi kulisikia neno hilo. Hana kamusi mkononi, hana kamati ya kushauriana nayo, na hana muda. Neno lisipopatikana kabla mhubiri hajavuta pumzi nyingine, limempita.

Nawaheshimu sana watu hawa. Nimewasikiliza kwa makini, na naona mtihani wao mgumu huja pale mhubiri anapomwita bondia mimbarini. Na bondia huitwa mara nyingi. Muhammad Ali huletwa kufundisha juu ya kiburi, kisha kesho yake huletwa tena kufundisha juu ya uvumilivu. George Foreman huletwa kwa ajili ya toba. Robert Wangila, ambaye jina lake halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Bungoma, huletwa kwa ajili ya ushindi, na wakati mwingine kwa ajili ya kifo. Wahubiri wana sababu njema ya kufanya hivyo. Mwili unaopigwa na kuinuka tena hueleweka na mtoto, mkulima na mwalimu wa chuo kwa wakati mmoja. Tena Mtume Paulo mwenyewe aliwatangulia. Alipowaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa jirani na michezo ya Isthmia iliyofanyika kila baada ya miaka miwili, alijilinganisha na mkimbiaji, kisha na bondia.

Hapo ndipo neno la kwanza linapomkwamisha mkalimani. Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952 na ambayo bado ndiyo inayosomwa kwenye mimbari nyingi za magharibi mwa Kenya, ilichagua neno ngumi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hakuna tatizo: kwake ngumi ni mchezo, na akitaka kuupamba atasema masumbwi. Lakini Kenya tumezoea ndondi. Watangazaji wa redio wametulea hivyo: ndondi za ridhaa, ndondi za kulipwa, timu ya taifa ya ndondi. Huku kwetu ngumi imebaki kuwa kile kilicho mwisho wa mkono, na kupigana ngumi ni jambo la nje ya kilabu cha busaa usiku wa Jumamosi. Kwa hiyo Paulo anapotamka maneno yake kwa Kiswahili cha 1952, sehemu ya waumini wa Bungoma humwona mtume akigombana. Nimemsikia mkalimani mmoja, kijana, akilibadilisha neno hilo papo hapo kuwa ndondi bila kusita, huku mzee aliyesoma fungu akiwa bado ameshika Biblia iliyo wazi. Kijana yule alikuwa sahihi. Alimrudishia Paulo ulingo, refa na kanuni.

Ulingo wenyewe ni neno zuri kuliko wengi wanavyojua. Kabla mabondia hawajalichukua, ulingo ulikuwa jukwaa linaloinuliwa kwa miti katikati ya shamba, mlinzi akakaa juu yake kufukuza ndege na wanyama wasile nafaka. Katika nchi ya mahindi kama Trans Nzoia maana hiyo haikupaswa kusahaulika. Mhubiri anayetaka kuunganisha bondia na mlinzi wa Isaya au wa Ezekieli tayari ana daraja mkononi, na ni la Kiswahili tupu. Sijamsikia yeyote akilivuka. Nalitaja tu kwa wenye kazi yao.

Maneno mengine ya mchezo hayana shida. Raundi, refa, glavu na kengele huingia Kiswahili bila ubishi. Jambo zito ni jina la ile hadithi yenyewe. Mhubiri akisema sasa nitawapa kitu cha kuwasaidia kuelewa, halafu akaanza habari za bondia, anatoa nini? Wakalimani wana maneno mengi ya kuokota: mfano, kielelezo, hadithi, kisa, ushuhuda. Huokota lililo karibu. Mimi nasema maneno haya hayako sawa, kila moja linamtwika mhubiri wajibu wake, na mhubiri anayeyachanganya anaweza kusema uongo bila kukusudia.

Mfano umetokana na kufanana. Mwenye kutoa mfano anatuomba jambo moja tu, tuone kwamba kitu hiki kinafanana na kile. Hakuna anayeuliza jina la mpanzi aliyetoka kupanda, wala shamba lake lilikuwa wapi, wala alivuna magunia mangapi. Mfano hauhitaji kuwa ulitokea. Kisa ni kingine. Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu kupitia pwani, ambako visa vya mitume vimesimuliwa karne nyingi, na msikilizaji wa kisa ana haki ya kuuliza: nani, wapi, lini? Kiswahili kikaongeza maana nyingine ambayo naipenda zaidi. Kisa ni sababu pia. Tunauliza, wamegombana, kisa nini? Kwa hiyo mwenye kusimulia kisa anadaiwa mambo mawili, lililotokea na kwa nini lilitokea.

Ushuhuda una mpaka mkali kuliko yote. Tangu uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki nzima, kutoa ushuhuda kumekuwa tendo lenye umbo lake: mtu husimama mbele ya wenzake, hutaja dhambi yake mwenyewe kwa kinywa chake mwenyewe, hueleza alivyookolewa, huketi. Hakuna awezaye kunitolea ushuhuda wangu. Neno hili ni ndugu wa shahidi, na shahidi asiyekuwepo si shahidi. Kielelezo nacho, ingawa makanisani hutumiwa kama mbadala wa mfano, kina kazi nzito mahakamani: ni kile kitu kinachowekwa mezani mbele ya hakimu ili kila mtu akione, panga, risiti, shati lenye damu. Mwanasheria hawezi kuleta kielelezo cha kubuni. Laiti wahubiri wangelisikia neno hilo kwa sikio la mahakama.

Tuwalete basi mabondia wenyewe.

Kuna hadithi ya Muhammad Ali ambayo imezunguka mimbari za dunia nzima, na Kitale imefika. Ali yuko ndani ya ndege. Mhudumu anamwomba afunge mkanda. Ali anamjibu kwamba Superman hahitaji mkanda. Mhudumu anamwambia kwamba Superman hahitaji ndege pia. Kanisa linacheka, Ali anafunga mkanda, na mhubiri anaingia kwenye somo la kiburi. Ni hadithi tamu. Lakini hutembea bila mwaka, bila safari, bila jina la mhudumu, na kila msimuliaji huivalisha nguo tofauti. Huo ni mfano. Mhubiri akisema husimuliwa mfano wa bondia aliyekuwa ndegeni, amesema kweli. Mkalimani akiugeuza kuwa kisa cha kweli, amewapa waumini cheti ambacho hakuna aliyekitia sahihi.

Wengine wataniambia, kuna ubaya gani? Somo si limeeleweka? Ubaya ni kwamba Ali hakuwa mpanzi asiye na jina. Alizaliwa Louisville tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Clay, akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1964, akatangaza Uislamu wake na kubadili jina. Mwaka 1967 alikataa kuandikishwa kwenda vita vya Vietnam, akavuliwa mkanda na kufungiwa ulingo kwa zaidi ya miaka mitatu katika umri ambao bondia huwa na nguvu zake zote, kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijamwondolea hatia mwaka 1971. Mtu mwenye maisha kama hayo hapaswi kufupishwa kuwa mkanda wa ndege. Na hasa Mkristo anayemtaja Mwislamu mbele ya hadhira, katika mji kama Bungoma ambako msikiti na kanisa husikilizana vipaza sauti, ana wajibu wa ziada wa kumtendea haki. Mhubiri akitaka kisa cha mtu aliyepoteza mengi kwa kushika aliloliamini, cha Ali kipo, kina tarehe zake, na hakihitaji kupambwa.

Tena kuna Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya mapambazuko, Ali mwenye umri wa miaka 32 alipanda ulingo wa uwanja wa 20 Mai kukabili bingwa mwenye umri wa miaka 25 ambaye hakuwahi kushindwa hata mara moja. George Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili mwaka uliotangulia, kule Kingston. Watu waliomwogopea Ali walikuwa na haki ya kuogopa. Ali akaegemea kamba, akajikinga kwa mikono, akamwacha Foreman apige na kupiga mpaka mikono yake ikawa mizito. Raundi ya 8 Ali akatoka kambani na kumwangusha.

Mhubiri wa Bungoma huipenda habari hii, na mkalimani humwekea neno saburi. Nafikiri hapa tunahitaji kusimama kidogo. Saburi na subira ni mapacha, lakini wamelelewa nyumba mbili. Subira inaishi sokoni na jikoni. Saburi imehamia kanisani, ni neno la mtu anayeteswa na bado anamngoja Mungu. Je, Ali kambani alikuwa na saburi? Alikuwa na mbinu. Alimtegea mwenzake. Kiswahili kina neno la haki kabisa kwa jambo hilo, nalo ni hila, na hila huwa mbaya pale tu inapovunja kanuni. Ya Ali haikuvunja. Lakini ukiiita saburi, unawafundisha waumini kwamba kuvumilia ni kungoja zamu ya kumpiga aliyekupiga. Kwa mama anayepigwa nyumbani, somo hilo ni la hatari kwa njia mbili: ama ataambiwa aegemee kamba, ama ataambiwa angoje raundi ya 8. Kuvumilia, kujikinga na kutega ni vitenzi vitatu, na mahubiri mazuri yangetuonyesha ni kipi Ali alikitenda, na ni kipi Kristo alikitenda, ambacho hakikufanana.

Kuna jambo jingine dogo katika habari hiyo. Watu wa Kinshasa waliimba kwa Kilingala wakimtaka Ali amuue mpinzani wake. Ndiyo maana ya lile neno boma lililosikika uwanjani. Msikilizaji wa Kiswahili husikia boma, akafikiri ua wa nyumba. Mkalimani mmoja aliwahi kuliacha kama lilivyo, likapita salama kama jina la mahali. Ningependa lielezwe. Umati uliokuwa ukimpenda Ali ulikuwa pia ukiomba kifo cha mtu, na mtu huyo alikuwa karibu kuwa mhubiri.

Maana Foreman ndiye bondia pekee katika hawa watatu ambaye hadithi yake ina haki ya kuitwa ushuhuda, kwa kuwa aliutoa mwenyewe. Tarehe 17 Machi 1977 alishindwa na Jimmy Young mjini San Juan, Puerto Rico. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, mwili ukiwaka joto na akiamini kwamba anakufa, alipatwa na jambo ambalo baadaye alilieleza maisha yake yote kuwa ni kukutana na Kristo. Akaacha ndondi. Akahubiri kwenye kona za barabara za Houston, akawa mchungaji wa kanisa dogo, na mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana. Fedha za kituo zilipopungua akarudi ulingoni mwaka 1987, mnene, na wengi wakamcheka. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 45, amevaa kaptura ile ile nyekundu ya Kinshasa, alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10 na kuwa bingwa wa dunia tena, miaka 20 baada ya kupokonywa na Ali. Alifariki tarehe 21 Machi 2025.

Mhubiri wa Kitale anapoisimulia habari hii, yeye hatoi ushuhuda. Anapeleka ushuhuda wa mtu. Kiswahili kinaweza kusema hivyo bila kujikunja: Foreman alishuhudia kwamba. Maneno matatu hayo humlinda kila mtu. Humlinda Foreman asiongezewe asiyoyasema, humlinda mhubiri, na humwachia msikilizaji nafasi ya kuamini au kutoamini kilichotokea katika chumba kile cha San Juan. Kilichotokea ulingoni mwaka 1994 ni kisa, kimeandikwa na kupigwa picha. Kilichotokea chumbani mwaka 1977 ni ushuhuda. Nasikia wakalimani wakivipeleka vyote viwili kwa sauti moja, ilhali lugha yetu imetupa vyombo viwili vya kubebea.

Narudi kwa Paulo, maana kuna maneno yake mengine yanayonisumbua. Pale anaposema anavyoushughulikia mwili wake, Kigiriki chake kilitumia kitenzi cha ulingoni chenye maana ya kupiga chini ya jicho, pigo linaloacha uso umevimba. Watafsiri wa 1952 wakaweka kutesa. Nawaelewa, hawakuwa na neno la pigo hilo. Lakini kutesa ni neno la chumba kilichofungwa, la mtu aliyefungwa kamba asiyeweza kurudisha mkono. Kwa Mkenya aliyeishi miaka ya 1980 lina kumbukumbu zake chungu. Na kwa vijana wa leo wa Kitale, Sheng imeligeuza kabisa: anayetesa ni anayeng'ara, aliyevaa vizuri, anayewapita wenzake. Mtume mmoja, kitenzi kimoja, na vizazi viwili kwenye benchi moja wanasikia mambo mawili, hakuna hata mmoja anayeona ulingo.

Linalonifurahisha ni kwamba kitenzi kile kile cha Kigiriki kimo pia katika Luka 18, kwenye mfano wa mjane na kadhi dhalimu. Kadhi anaogopa kwamba mjane, kwa kumjia kila siku, atampiga pigo lile la chini ya jicho. Biblia yetu ikaweka kuchosha. Hivyo mjane anachosha, mtume anatesa, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba wawili hawa wanarusha konde moja. Ningekuwa mhubiri ningewaweka pamoja Jumapili moja, na bondia wa kuwaeleza waumini pigo hilo ni nini. Hapo habari ya bondia ingekuwa na kazi ya kweli, ya kufungua neno lililofungwa, badala ya kuchangamsha mkutano uliochoka.

La pili ni vita. Paulo mzee, akiagana na Timotheo, anatumia neno la Kigiriki la mashindano ya uwanjani, na Kiswahili kikamtia vitani. Sehemu nyingine jambo hili lingepita. Bungoma na Trans Nzoia haliwezi kupita. Watu wa hapa walihamishwa kwa moto katika mapigano ya 1991 na 1992. Mlima Elgon ulikuwa na vita vyake kuanzia 2006, wanamgambo na baadaye jeshi, hadi 2008, na familia bado zinawatafuta watu wao. Baada ya uchaguzi wa 2007 Kitale ilijaa mahema ya wakimbizi wa ndani. Muumini wa Cheptais au Endebess anapoambiwa apige vita vizuri, neno hilo huingia mahali palipo na jeraha. Vita huwa havina refa. Havina kengele ya kumrudisha mtu kwenye kiti chake apumzike. Havina uzani, kwamba mwepesi apigane na mwepesi.

Pambano linavyo vyote hivyo. Naona kwamba bila kupanga, wahubiri wanaopenda mabondia wamefanya jambo la hekima katika eneo hili: wametoa ugomvi wa imani kwenye msitu wakaupeleka ulingoni. Mkalimani anayechagua pambano au shindano badala ya vita anamkaribia Paulo zaidi, na anawahurumia waliomsikiliza. Marafiki, yaani Waquaker, ambao wamekuwa magharibi mwa Kenya tangu walipofika Kaimosi mwaka 1902 na wana makanisa mengi Bungoma, wana mapokeo ya kukataa vita. Nimeona ajabu kidogo kwamba hata kwao bondia hukaribishwa mimbarini. Nikifikiri zaidi naona si ajabu. Bondia ni mtu mwenye ngumi aliyekubali kuongozwa na kanuni, na anaposhinda humkumbatia aliyeshindwa. Mtu wa amani ana la kujifunza hapo, mradi asisahau kwamba mchezo huu pia huua.

Na hilo linanileta kwa Wangila. Robert Napunyi Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, uzani wa welta, kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya 2 ya fainali. Alikuwa bondia mweusi wa kwanza kutoka bara la Afrika kupata dhahabu hiyo, na mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya ya Olimpiki iliyopatikana nje ya riadha. Akageukia ndondi za kulipwa Marekani. Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzales. Refa alisimamisha pambano raundi ya 9. Wangila alipinga, akitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye, chumbani, alizimia, na tarehe 24 Julai akafa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mwili uliporudi nyumbani kulizuka mzozo kama azikwe Kiislamu au Kikristo, na mzozo huo ukaongeza uchungu juu ya uchungu.

Habari hii husikika mimbarini kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya Seoul, kijana wa kwetu aliyesimama juu kabisa, na hiyo sina ugomvi nayo. Ya pili ni ya Las Vegas: mtu aliyekataa kukubali ameshindwa, akafa kwa ukaidi wake. Hiyo nina ugomvi nayo, na neno la kuupima ni kisa. Tulisema kisa kina kwa nini ndani yake. Mtu ambaye ubongo wake umepigwa raundi tisa hajui hali yake; ndiyo maana ndondi zikampa refa na daktari, wamjulie. Kumfanya mfano wa ukaidi ni kuweka kwa nini ya uongo mahali pa kwa nini ya kweli. Na kumtumia kama mali ya dini moja, baada ya mzozo ule, ni kumzika mara ya pili.

Wabukusu wana kipimo cha jambo hili kisichotoka kwenye vitabu. Mzee anapokufa, siku chache baada ya maziko huweza kuitwa msemaji wa kumuse, mtu wa kuwafariji na kuwaonya waliobaki. Si kila mtu huruhusiwa kazi hiyo. Msemaji hutembea kwenda na kurudi katikati ya watu walioketi, na katika mwendo huo hutaja waliotangulia, ukoo kwa ukoo, waliotenda mema na walioleta aibu, na mambo yaliyoipata jamii. Hayo nayo ni mahubiri, na watu waliokufa ndio vielelezo vyake. Lakini huyasema mbele ya watoto, wajukuu na mashemeji wa anaowataja. Jina likikosewa wapo wanaolijua. Anayetaja mtu katika kumuse anataja ndugu ya mtu aliyeketi hatua tatu mbele yake, na ulimi wake hulijua hilo.

Ndicho ninachowaombea mabondia wanaopita katika mahubiri ya Kiswahili. Wangila atajwe kana kwamba mamake yuko kwenye benchi la mbele. Ali atajwe kana kwamba binti yake anamsikiliza mkalimani. Neno kisa, likichukuliwa kwa uzito wake, linalazimisha adabu hiyo: jina kamili, mahali, mwaka, na sababu iliyochunguzwa. Mfano ubaki kwa ndege na mkanda wake. Ushuhuda ubaki kwa mwenyewe.

Wala visa havijaisha. Februari 1980 Muhammad Ali alikuja Nairobi, akiwa ametumwa na Rais Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Alianzia Tanzania, ambako Mwalimu Nyerere hakumpokea. Nchini Kenya serikali ilikuwa upande wa kususia, na timu yetu haikwenda. Miaka miwili kabla ya hapo, mjini Belgrade, Mkenya Steve Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa katika uzani mwepesi kuliko yote. Bingwa wa dunia, katika kilele chake, na Olimpiki ikapita bila nchi yake. Sijawahi kumsikia mhubiri akikisimulia hiki, na sijui kwa nini, maana kinagusa jambo ambalo Paulo alilijua vizuri: kujizoeza kwa uaminifu na bado utoaji wa taji usiwe mikononi mwako. Mkalimani angehitaji maneno machache tu, ridhaa, uzani, kususia, na yote tunayo.

Jambo moja la mwisho katika lile fungu la Wakorintho. Paulo akimaliza habari ya bondia hamgeukii muumini. Anajigeukia. Hofu yake ni kwamba, akiisha kuwahubiri wengine, yeye mwenyewe akataliwe. Neno la Kigiriki lililo nyuma ya kuhubiri hapo ni la mpiga mbiu, yule aliyekuwa akisimama uwanjani kutangaza mashindano na kuita majina ya washindani. Kiswahili kikaweka hubiri, neno la ukoo mmoja na habari, na sioni kosa lolote. Mpiga mbiu huita majina, na majina hayo lazima yawe ya watu waliopo, yameitwa sawasawa, kwa sababu wenyewe wamesimama pale na glavu zao wanasikiliza.